Mtani Hauzi Tiketi

Mtu wa kwanza kumwuliza Walburga habari za vifungo alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya soko. Hakuuliza bei. Alisimama mbele ya meza ya dagaa, akainua simu, akaiweka vizuri mpaka nyuso zote mbili zikaonekana kwenye kioo, akasema kwa sauti ya kuimba:

"Mama, nani atakufunga vifungo?"

Walburga alikuwa anapima dagaa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama siku zote. Alidhani hakusikia vizuri.

"Unataka kopo moja au mawili, baba?"

Kijana alicheka mpaka akainama. "Hajui! Jamani, mwenyewe hajui!" akaiambia simu, akaondoka bila kununua kitu.

Kabla ya adhuhuri walikuja wengine. Wasichana wawili wa chuo walinunua kopo mojamoja ili wapate kupiga naye picha. Mwanamume mtu mzima, mwenye pete ya ndoa kidoleni, aliinama juu ya meza akasema polepole, "Mimi ni wa kufungua," kisha akamkonyeza. Walburga alimtazama usoni akitafuta kama ni mtu anayemfahamu. Hakuwa anamfahamu. Yeye alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mjane wa miezi saba, na hakuna mwanamume aliyewahi kumkonyeza pale sokoni.

"Halima," alimgeukia jirani yake wa meza, mwanamke wa Tunduru aliyeuza korosho, "leo watu wana nini na mimi?"

Halima alijua tangu jana yake. Alijifanya anapanga vifuko vya korosho, akavipanga tena, halafu akaviacha.

"Mama Ramson, nilitaka nikwambie, nikashindwa. Wallahi nilishindwa." Akatoa simu kwenye mkunjo wa khanga. "Angalia mwenyewe. Lakini kaa kwanza."

Kwenye simu alionekana mzee mfupi aliyevaa suti ya njano, jukwaani, mbele ya watu wengi. Walburga alimtambua kabla hajafungua mdomo. Nchi nzima ilimwita Mzee Kisado. Nyumbani kwake aliitwa Daimu, rafiki wa mumewe Romanus tangu ujana wao, Myao aliyekuwa mtani wa nyumba ile. Romanus alipofariki, Daimu alitoka Dar akalala kwao siku tatu. Alichimba kaburi pamoja na vijana. Alijilaza ndani yake kama watani wafanyavyo, akapiga kelele kwamba shimo ni fupi, marehemu atalalamika magoti. Walburga alicheka siku ile, machozi yakimtoka, na alimshukuru Mungu kwa kile kicheko.

"Nilikwenda kumzika rafiki yangu," Daimu alikuwa anasema jukwaani. "Mke wake ana mkono mmoja mbovu." Akaukunja mkono wake wa kulia kifuani kama bawa la kuku lililovunjika. Watu wakaanza kucheka. Akatoa sauti nyembamba ya kike, sauti ya kilio: "Wee mume wangu! Umeniacha! Nani atanifunga vifungo?" Akanyamaza, akawaacha wasubiri. "Nikamwambia, shemeji, usilie. Wa kufunga ni wachache, lakini wa kufungua tumejaa ukumbi mzima!"

Ukumbi ulipasuka. Mtu mmoja safu ya mbele alianguka kutoka kwenye kiti.

Maneno yale yalikuwa ya Walburga kweli. Aliyatamka ukingoni mwa kaburi. Tangu mkanda wa mashine ya kusaga ulipouharibu mkono wake, miaka kumi na minne nyuma, Romanus alimfunga vifungo kila asubuhi, kuanzia cha juu kushuka chini, huku akizungumzia mambo mengine kabisa, mbolea, mpira, padri mpya. Siku ya mazishi Walburga hakuona kingine cha kulilia zaidi ya hicho.

Alimrudishia Halima simu. Akarudi kupima kwa mkono wa kushoto, dagaa wakamwagika, na mtu mmoja aliyepita akacheka.

* * *

Jioni, nyumbani kwao Majengo, Ramson alikuwa anakula. Alikuwa na miaka ishirini na minne, dereva wa bodaboda, na alikuwa shabiki wa Mzee Kisado tangu utotoni, kama baba yake.

"Umeiona?" mama yake aliuliza.

"Ipi?"

"Usiniulize ipi."

Ramson alikimeza kile alichokuwa nacho mdomoni. "Nimeiona, mama. Ila usiichukulie hivyo. Kwanza hajakutaja jina. Halafu hujui mashabiki walivyokuwa wanamsema yule mzee. Walisema kaisha, akalale. Hata hili onyesho jipya lote wamelisema ni la kizamani. Kilichomwokoa ni hapo tu."

"Hapo kwangu."

"Ni kama sifa, mama."

"Sifa!" Violeth, mdogo wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliliacha daftari. "Leo nimeingia darasani nikakuta wameandika ubaoni, 'Wa kufungua tumejaa.' Mwalimu akauliza maana yake nini. Wakamweleza. Mwalimu naye akacheka, kaka. Akajikaza, lakini alicheka. Hiyo ndiyo sifa?"

Walburga alimwambia Violeth ampigie Daimu simu, akaishika mwenyewe sikioni.

"Shemeji yangu!" sauti ya Daimu ilikuwa imechangamka. "Mjane wa taifa! Unajua wewe sasa hivi ni maarufu kuliko mawaziri?"

"Daimu, yatoe yale maneno."

"Maneno gani tena?"

"Ya kaburini. Yatoe huko ulikoyaweka."

"Aa, shemeji. Mimi ni mtani wako. Mtani msibani ana ruhusa, unalijua hilo. Siku ile si ulicheka?"

"Nilicheka." Walburga alisimama. "Nilicheka kwa sababu ulikuwa ndani ya shimo, matope mpaka kwenye nywele, unamchimbia rafiki yako. Mtani anachimba. Mtani anachota maji, anapika, analala chini na wafiwa. Anacheka na mfiwa, hamcheki mfiwa. Na msiba ukiisha, anayaacha pale pale. Mtani hauzi tiketi, Daimu! Wewe umekuja kwangu kama mtani ukaondoka na kilio changu mfukoni, ukaenda kukifanyia biashara. Wanaume nisiowajua wananikonyeza sokoni. Mwanangu anachekwa na mwalimu. Mimi ni mke wa mtu, hata kama mtu mwenyewe yuko ardhini!"

"Nimekusikia, shemeji," Daimu alisema. "Nimekusikia vizuri sana. Nitalifanyia kazi."

* * *

Na kweli alilifanyia kazi. Wiki sita baadaye alitoa onyesho la pili.

Safari hii hakuigiza sauti. Alisimama katikati ya jukwaa, akaweka simu karibu na kipaza sauti, na sauti ya Walburga mwenyewe ikajaa ukumbini: "Mtani hauzi tiketi, Daimu!" Alikuwa amerekodi mazungumzo yote. Aliyasimamisha kila baada ya sentensi na kutoa macho kama mtoto anayegombezwa. "Jamani, nimeshtakiwa na mjane," alisema. "Basi walionunua tiketi wasimame waniombee msamaha!" Ukumbi mzima ulisimama. "Mama, samahani!" wakapiga kelele kwa pamoja, wakiangua vicheko.

Ndani ya siku tatu msemo ulikuwa kila mahali. Makondakta waliutumia. Ukimdai mtu nauli, anakujibu, "Mtani hauzi tiketi." Vijana wa stendi walichapisha fulana. Sokoni, watu walikuja makundi kwa makundi, wakisimama mbele ya meza ya dagaa na kusema "Mama, samahani!" kisha wakicheka kabla hawajamaliza. Mara mbili Halima aliwafukuza kwa fagio. Mara ya pili walimrekodi naye.

Jumamosi jioni Walburga alimwita Violeth. "Nisomee wanachoandika."

"Mama, achana nayo."

"Nisomee. Nimechekwa bila kujua mara moja, yatosha."

Violeth alisoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma somo kanisani. "'Mzee karudi, waliosema kaisha wako wapi?' 'Mama ana hasira tamu.' 'Huyu mama apewe kipindi chake.' 'Mimi nasema mzee amekosea, mfiwa hachezewi.' Huyo wamemtukana, mama. Wamemwambia hana utani, akanywe dawa. 'Mama naye anajitafutia umaarufu, kwani alitajwa jina?'"

"Ngoja," Walburga alisema. "Hilo la jina. Ni kweli hakunitaja. Wala hakuitaja Songea. Sasa yule kijana wa kwanza alijuaje meza yangu?"

Swali hilo Violeth alikuwa nalo mwenyewe kwa muda mrefu. Alirudi kwenye onyesho la kwanza, akaanza kushuka katika maoni, maelfu kwa maelfu. Haikumlazimu kushuka sana. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa juu kabisa, na Mzee Kisado mwenyewe alikuwa ameliwekea alama ya moyo. Violeth alisoma jina la aliyeandika, akaifunika simu kifuani.

"Soma."

"Mama..."

"Violeth, soma."

"'Huyo ni mama yangu mzazi, anaitwa Walburga. Anauza dagaa wa Nyasa Soko Kuu Songea, meza ya tatu ukiingia. Karibuni sana mumwone.'"

Ramson alikuwa mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa ameingia wakati dada yake anaanza kusoma na hakuwa na pa kukimbilia.

"Nilitaka upate wateja," alisema. "Watu elfu mbili na kitu walilipenda siku ile ile. Mzee mwenyewe aliliwekea moyo. Mama, sikujua watafika huku... Nilidhani ni mambo ya kwenye simu tu."

Walburga alimfuata hadi mlangoni na kumpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono wa kushoto, mkono uliokuwa umebeba kazi zote za nyumba ile kwa miaka kumi na minne, na lilimyumbisha.

"Baba yako aliufunika mkono huu mbovu hata mbele ya wageni," alisema. "Wewe umewaelekeza watu meza ya ngapi."

Ramson alilala kwa rafiki yake, mtaa wa Lizaboni, wiki nzima.

* * *

Daimu alikuja Songea mwezi uliofuata. Onyesho lilipangwa Jumapili saa kumi jioni, na asubuhi hiyo, watu walipokuwa wanatoka misa, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya Walburga. Walishuka Daimu, kijana wa kamera, na mwanamke aliyebeba mfuko wa mchele na doti ya khanga. Nyuma yao walikuja mashabiki, wengine wakikimbia. Ndani ya dakika chache ua wa matofali ulikuwa umejaa vichwa na simu.

"Nimekuja kuomba msamaha," Daimu alisema mlangoni, na kamera ilikuwa inawaka tayari.

Ramson alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Alikuwa amesimama pembeni na hakujua aweke wapi mikono yake. Walburga aliwapa wageni viti sebuleni, mlango ukiwa wazi. Yule mwanamke akambandikia kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa gauni, akamnong'oneza, "Mama, sema tu yanayokutoka moyoni. Ukitaka kumgombeza, mgombeze. Watu wanapenda."

Walburga alimtazama, kisha akaketi, akanyamaza.

Daimu alianza. Alipiga magoti. Alijipaka vumbi usoni. Alisema amekuja na mchele kwa sababu dagaa bila mchele ni kama mtani bila adabu. Uani watu walicheka. Walburga hakucheka, wala hakununa. Alimtazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite ili aendelee na safari yake.

"Shemeji, nigombeze," Daimu alisema. "Nimezoea."

Kimya.

"Hata tusi moja?"

Kimya. Nje, vicheko vilianza kupungua. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mama, sema basi, tunaungua jua!" Mwingine akasema, "Huyu mama ana roho mbaya, mtu mzima kampigia magoti." Jasho lilikuwa linamtoka Daimu, likichora mistari kwenye vumbi la mashavuni. Kwa miaka thelathini hakuwahi kukaa mbele ya mtu kwa muda mrefu hivyo bila kumtoa kicheko wala neno.

Mwishoni alimwambia kijana wa kamera azime. Kijana akazima. Lakini simu za uani hazikuzimwa.

"Unataka nini, Walburga?" Daimu aliuliza, na safari hii hakumwita shemeji.

Walburga alimpa Violeth ishara amvue kile kipaza sauti. Kisha akainuka, akaenda akamwinamia Daimu mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio lake. Uani walinyamaza wote. Walinyoosha simu, lakini hazikuchukua neno.

"Romanus alikufa saa tisa mchana," Walburga alisema. "Alikuwa hawezi kula wala kugeuka. Aliomba tumwekee wewe kwenye simu. Maonyesho yako ya zamani, yale ya kabla hujawa mkubwa. Alikuwa anacheka, halafu akawa hacheki. Wewe ulikuwa bado unaongea. Nilikuzima wewe kwanza, ndipo nikamfumba macho." Akavuta pumzi. "Sasa kila nikitaka kumkumbuka, unakuja wewe na huo mkono wako wa kuigiza. Umenizibia mume wangu. Nitakuchukia mpaka nife, Daimu. Na hilo nalo nenda ukalitangaze."

Akasimama wima, akaonyesha mlango. Daimu aliondoka bila kufuta vumbi. Mchele walimwachia, na Violeth aliutoa nje, akauweka katikati ya barabara.

* * *

Saa kumi Ramson alikuwa ukumbini. Hakununua tiketi. Alisimama mlangoni na madereva wenzake waliokuwa wanasubiri abiria. Alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

Daimu alipanda jukwaani amevaa suti ile ile ya njano. Alianza na habari za wapenzi wa mpira. Walicheka kidogo. Akaingia habari za wakwe. Watu wakaanza kuongea wao kwa wao. Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Vifungo!"

"Hiyo leo haipo," Daimu alisema. "Leo nina mambo mapya."

"Vifungo! Vifungo!" Sasa walikuwa safu nzima, wakigonga viti.

"Jamani, mwenyewe yuko hapa hapa mjini. Tumwache mama wa watu apumzike."

"Mtani hauzi tiketi!" mtu alipiga kelele. "Turudishie hela!" Ukumbi uliangua kicheko, cha kwanza kikubwa tangu onyesho lianze, na Daimu ndiye aliyekuwa anachekwa. Chupa ya maji ilirushwa, ikaanguka karibu na viatu vyake. Ramson aliwatazama watu wale. Wengi aliwafahamu. Wengine aliwabeba kila siku. Alijikuta anaomba kimoyomoyo, Mzee, kaza. Kaza hivyo hivyo.

Mzee alisimama akiangalia ile chupa. Alionekana mdogo kuliko kwenye simu. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kupanda taratibu, ukajikunja kifuani.

Ukumbi ulipiga vigelegele kabla hajasema neno.

Ramson hakungoja. Alikuwa anaitoa pikipiki pale nje wakati abiria wawili waliporukia nyuma, wakipumua kwa kicheko, wakasema wanakwenda Bombambili. Njia nzima walirudiarudia kilio kile, mmoja akilia, mwenzake akimjibu. Karibu na mteremko Ramson alisimamisha pikipiki.

"Shukeni."

"Kaka, hatujafika."

"Shukeni. Nauli sitaki."

"Tumekukosea nini?"

Ramson alitaka kuwaeleza. Lakini aliona mmoja wao tayari anaitoa simu mfukoni, akaondoa pikipiki.

Nyumbani mama yake alikuwa anachambua dagaa wa kesho. Hakuinua uso.

"Ameyasema?"

Ramson angeweza kudanganya. "Ameyasema. Walimlazimisha, mama, walimrushia chupa. Lakini ameyasema."

Walburga aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akaliweka kando. "Kesho asubuhi usiende kijiweni," alisema. "Utanipeleka mahali."

* * *

Ofisi ya wasaidizi wa kisheria ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Dada aliyewapokea alijitambulisha kwa jina la Zuhra. Alimwamkia Walburga shikamoo, akampa kiti, na hakusema lolote kuhusu vifungo, ingawa ilionekana wazi kwamba anafahamu. Alisikiliza yote huku akiandika.

"Sikufichi, mama," alisema. "Itachukua muda. Tutaandika barua kwanza, tumtake aondoe maonyesho yote mawili, na hasa ile simu aliyorekodi bila wewe kujua. Akikataa, tutakwenda mbele. Yule ana mashabiki wengi na watakutukana kuliko sasa."

"Walishanitukana wakicheka. Sasa watukane wamenuna."

Zuhra aliandika jina la Daimu kwenye mstari wa mlalamikiwa. Kisha akapitia tena maelezo yake, kalamu ikasimama.

"Hapa kuna jambo. Yeye hakukutaja jina wala mahali. Atajitetea kwa hilo. Tunahitaji kujua nani aliyelitoa jina lako kwa watu."

Walburga alitazama ukutani, kwenye kalenda. Feni iligeuka upande huu, ikageuka upande ule.

"Ni mimi," Ramson alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. "Mimi ndiye niliyeandika. Maoni yale bado yapo, sijayafuta. Nilikuwa nayaangalia kila siku yanavyopendwa."

Zuhra aliinua macho kwake, kisha kwa mama. Sauti yake ikawa ya upole. "Huyu ni mwanao, mama. Tunaweza kumweka kama shahidi tu. Au tukaandika kwamba alipitiwa, hakuelewa. Sio lazima aonekane vibaya. Nimwandikeje?"

Ramson alisubiri. Mama yake aligeuka kwenye kiti akamtazama, na alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Daimu.

"Mwandike kama alivyofanya," Walburga alisema.